SEKONDARI YA KATA: KAZI YA MZAZI BAADA YA PAA KUEZEKWA



Somo letu la leo linahusu shule ya sekondari ya kata. Tunalielekeza hasa kwa wazazi wa Lipingo na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa. Ndugu zetu wa milimani kule Mbinga nao wanaweza kulisoma, maana shida zinafanana. Someni polepole. Mahali penye hesabu chukueni kalamu na karatasi mzipige wenyewe.

Tuanze na swali. Jengo la shule likishaezekwa mabati, kazi ya mzazi imekwisha? Wazazi wengi hujibu kwa matendo yao kwamba imekwisha. Walibeba mawe, walichota maji, walisomba mchanga, walichanga. Siku ya kufungua shule walicheza ngoma. Tangu siku hiyo hawajakanyaga pale, labda siku mtoto amefanya kosa na mzazi akaitwa kwa barua. Sisi tunasema kazi ile ya mawe ilikuwa nyepesi. Ilikuwa ya jasho, ndiyo, lakini ilikuwa na mwisho wake. Iliyobaki ni ya kila siku mpaka mtoto amalize kidato cha nne.

TULIKOTOKA

Wazee wanakumbuka. Mwaka 1977 nchi yetu ilianza kuandikisha watoto wote wa umri wa shule katika shule za msingi, kwa kufuata Azimio la Musoma la mwaka 1974. Madarasa yalijaa. Lakini sekondari zilikuwa chache mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kati ya watoto 100 waliomaliza darasa la saba, waliopata nafasi ya sekondari za serikali hawakufika 10. Mtoto wa mwambao aliyechaguliwa alifunga sanduku lake akaenda mbali: Songea, Kigonsera, au mkoa mwingine kabisa. Mzazi alibaki nyumbani. Shule yenyewe hakuiona. Mtoto alimwona wakati wa likizo tu.

Tunadhani mazoea ya kukaa mbali na sekondari yalianza hapo. Sekondari ilikuwa kitu cha serikali au cha misheni, kiko mbali, kina wenyewe. Sasa shule imekuja karibu na nyumba zetu, lakini mazoea hayajaondoka.

Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, uliojulikana kwa kifupi kama MMES. Rais wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, ambaye naye alipata kusoma Kigonsera. Lengo lilikuwa kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi walitoa nguvu zao, na serikali ilileta fedha za kumalizia. Mwaka 2004 sekondari za serikali zilikuwa 828 nchi nzima. Mwaka 2009 zilikuwa 3,283. Toa 828 katika 3,283, utapata 2,455. Hizo ndizo zilizoongezeka kwa miaka mitano tu, na nyingi sana kati yake ni za kata.

Majirani zetu wa Kenya walitutangulia. Baada ya uhuru wao wa mwaka 1963 walijenga sekondari nyingi kwa harambee. Kuta zilisimama upesi. Yaliyochelewa ni walimu, vitabu na vifaa. Sisi nasi tulipita njia hiyohiyo, na ndiyo maana mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza sekondari za kata zijengewe maabara tatu tatu, na wananchi wakaitwa tena kuchanga.

NENO "BURE"

Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika sekondari za serikali, kidato cha 1 hadi cha 4. Kabla ya hapo mwanafunzi wa kutwa alilipa shilingi 20,000 kwa mwaka, na wa bweni shilingi 70,000. Mwaka 2022 ikafutwa pia kwa kidato cha 5 na cha 6.

Habari hii ilifika kila kijiji, lakini ilifika nusu. Watu walisikia neno "bure" wakaziba masikio. Hawakusikia kwamba Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 unataja pia kazi za mzazi. Sare ni za mzazi. Madaftari na kalamu ni vya mzazi. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni cha mzazi, na matibabu pia.

Kwa upande wa pili, mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa mchango. Januari 2018 Rais John Magufuli alilikataza jambo hilo waziwazi. Kwa hiyo mchango wa siku hizi ni wa makubaliano. Wazazi wenyewe wanakutana, wanasema, wanaandika, na taratibu za halmashauri zinafuatwa. Makubaliano ya namna hii yana ugumu wake: hayana mgambo wa kuyasimamia. Yanasimama kama wazazi wameyaelewa. Yasipoeleweka yanakufa, hata kama muhtasari umeandikwa vizuri namna gani.

DEBE MOJA NI SIKU NGAPI?

Kata ina vijiji kadhaa na sekondari yake mara nyingi ni moja. Basi mtoto anaondoka nyumbani alfajiri. Wengine wanatembea saa nzima, wengine zaidi. Tumbo ni tupu. Anakaa darasani mpaka mchana umepita. Saa tano mwalimu anafundisha hisabati, naye mtoto anawaza muhogo. Halafu matokeo yanatoka, na mzazi anasema, "Huyu hana akili." Jamani, tumeijaribu akili yake akiwa ameshiba?

Mwaka 2021 serikali ilitoa mwongozo wa chakula na lishe kwa wanafunzi. Mwongozo huo unategemea wazazi wakubaliane. Na hapa ndipo mikutano mingi inapovunjika. Wazazi wanaogopa maneno "chakula cha shule". Wanaona kama wanaambiwa walishe kijiji kizima. Basi tupige hesabu.

Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Tuseme mwanafunzi mmoja apate uji wa unga gramu 100 kila siku.

Gramu 100 mara siku 194 ni gramu 19,400. Hizo ni kilo 19 na gramu 400.

Debe moja la mahindi lina kilo 18 hadi 20. Maana yake debe moja linakaribia kumnywesha mtoto mmoja uji kwa mwaka mzima. Kinu nacho kinapunguza, basi tuseme debe moja na nusu. Hapo tumekuwa wakarimu.

Sasa tupande kidogo. Tuseme shule inataka kupika kande, na kila mwanafunzi atengewe robo kilo ya mahindi na maharage kwa pamoja. Gramu 250 mara 194 ni gramu 48,500, yaani kilo 48 na nusu. Ni kama madebe mawili na nusu. Mwenye watoto wawili azidishe kwa mbili. Bado kuna kuni, chumvi na mpishi, na hayo nayo yapigiwe hesabu mezani mbele ya watu wote.

Mzazi akiona hesabu hii imeandikwa ubaoni, hata kama ataipinga, anapinga kitu anachokiona. Katika mikutano tuliyohudhuria, mara nyingi hutajwa fedha tu. "Kila mzazi shilingi kadhaa." Mzazi hajui shilingi hizo zinanunua nini, kwa siku ngapi. Anarudi nyumbani na wasiwasi wake. Tunapenda zaidi kuhesabu kwa debe, kwa sababu debe kila mtu amelibeba.

MCHANGO UNA MAJIRA YAKE

Kuna kosa jingine, nalo ni la kalenda. Shule hufunguliwa Januari, na mikutano ya wazazi huitwa Januari. Huo ni mwezi mbaya kuliko yote wa kumwomba mkulima debe. Mvua inanyesha. Palizi imepamba moto. Ghala limeisha. Mwezi huohuo mtoto anataka sare, viatu na madaftari. Mzazi anayesema "sina" mwezi wa Januari anasema kweli. Muulize mwezi wa Juni, mpunga na mahindi yakiwa yamevunwa na mihogo imeanikwa juu ya majabali. Mzazi yuleyule atatoa.

Kwa hiyo mchango wa chakula cha mwaka ujao ukusanywe baada ya mavuno ya mwaka huu. Ukumbi wa kuhifadhia uwe mkavu, na magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Mahindi yaliyokaushwa vibaya yakiingiliwa na dumuzi, ikifika Novemba mtakoroga vumbi. Muulizeni bwana shamba juu ya dawa ya kuhifadhia nafaka kabla gunia la kwanza halijafungwa.

Mvuvi naye ana kalenda yake. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, na mfuko wa mvuvi hupumzika nayo. Ukimdai wakati wa mbalamwezi mtagombana bure. Na kwa nini mchango wa mvuvi lazima uwe fedha? Usipa wakavu ni chakula bora kwa mtoto anayekua. Kande lenye usipa linampa nguvu kuliko kande tupu. Mvuvi akitoa ndoo ya usipa wakavu na mkulima akitoa debe la mahindi, wote wawili wamechanga. Kinachotakiwa ni daftari la mapokezi linaloandika kila kitu kilicholetwa na jina la aliyekileta.

Tukiwa bado kwenye usipa, tuseme jambo ambalo halitawafurahisha wote. Kijana wa kidato cha pili anayelala ziwani usiku, asubuhi darasani ni gogo. Anapata shilingi chache, anajiona mtu mzima, na baada ya miezi michache haonekani tena shuleni. Tusimlaumu kijana peke yake. Mwenye mtumbwi anamjua ni mwanafunzi. Mwenye taa anamjua. Na zipo nyumba ambazo usipa wa kijana yule hupokelewa, hukaangwa, huliwa, bila mtu kuuliza kesho ataamkaje. Serikali ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo juu ya jambo hili. Lakini nyumba isiyopokea usipa wa mwanafunzi inafanya kazi upesi kuliko sheria.

"MIMI NI NGUMBARO, NITAMSAIDIAJE?"

Swali hili tunaulizwa kila mahali. Mzazi anasema, "Mwalimu, mimi nilisoma ngumbaro. Masomo ya sekondari ni ya Kiingereza. Nikifungua daftari la mwanangu naona giza."

Ndugu mzazi, si kweli kwamba unaona giza. Fungua tena. Juu ya ukurasa pameandikwa tarehe. Tarehe ni tarakimu, na tarakimu unazijua. Tazama tarehe ya mwisho katika daftari la Fizikia. Kama leo ni tarehe 20 na ya mwisho ni tarehe 2, uliza siku zile 18 zilikwenda wapi. Huenda mwalimu wa somo hilo hayupo. Huenda mtoto hakuwapo. Yote mawili ni mambo ya mzazi kuyajua.

Tazama kalamu nyekundu. Kama kurasa kumi hazina alama nyekundu hata moja, kazi haisahihishwi au haipelekwi. Tazama alama za majaribio. Ukiona 7 kati ya 20, halafu 9, halafu 12, mtoto anapanda, mpongeze hata kama wenzake wamepata 18. Ukiona 14, halafu 10, halafu 5, usingoje mwisho wa mwaka. Ripoti ya muhula nayo ina sehemu ya mahudhurio, yaani siku alizokuwapo na siku alizokosa. Hiyo isome kabla ya kutazama amekuwa wa ngapi.

Kazi hii inachukua dakika kumi, Jumamosi jioni. Usiifanye kwa fimbo mkononi. Mwambie mtoto akusomee kichwa cha somo na akueleze kwa Kiswahili, au hata kwa Kinyasa, maana yake nini. Akishindwa kukueleza, hajaelewa. Akiweza, amelirudia somo lake bila kujua kwamba analirudia. Wewe utakuwa umejifunza kidogo pia, na hakuna aliyekatazwa.

Halafu mpe muda. Msichana anayerudi saa kumi, akachote maji, akasage, apike, aogeshe wadogo zake, na koroboi iko kwa baba, atasoma saa ngapi? Mpangie kaka yake ndoo mbili za maji. Hakuna mila ya mwambao itakayovunjika.

CHUMBA CHA KUPANGA

Watoto wanaotoka mbali hupangishiwa vyumba karibu na shule. Mtoto wa miaka 15 anajipikia mwenyewe na kulala mwenyewe. Unga ukiisha Jumatano na nyumbani ni Jumamosi, anayempa unga hapo katikati ni nani, na anataka nini? Wazazi wenye wasichana katika vyumba vile wajiulize hilo kabla ya kulala.

Sheria ni kali. Tangu mwaka 2016, anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Lakini kesi nyingi hufia nyumbani, kwa sababu wazazi wa pande mbili hukaa chini "wakamalizana". Fedha inapokewa, shahidi ananyamaza. Huko siyo kumaliza jambo, ni kumuuza mtoto kwa bei ndogo. Na msichana aliyekwisha kujifungua asifichwe jikoni: tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida na kuendelea na masomo. Mpelekeni.

Dawa ya vyumba hivi ni hosteli. Mpaka itakapokuwapo, wazazi wa kijiji kimoja wanaweza kupanga nyumba moja kwa watoto wao wa kike na kumweka mama mmoja wa kukaa nao, kwa zamu. Gharama mgawane.

SOMENI UBAO WA MATANGAZO

Shule ya sekondari ina Bodi ya Shule. Bodi hizi ni za kisheria, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Wazazi wana watu wao mle ndani. Je, unawajua wanaowawakilisha ninyi? Kama humjui hata mmoja, anzia hapo.

Majengo ya siku hizi mara nyingi hujengwa na mafundi wa hapahapa, chini ya kamati za wananchi: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Kamati ya mapokezi inataka mtu anayeweza kusoma hati na kuhesabu mifuko. Hati ikisema mifuko 200 ya saruji na kwenye gari imo 185, mtu huyo asitie sahihi. Kazi hiyo haihitaji cheti cha chuo. Inahitaji mtu aliyejua kusoma, kama wewe, na asiyeona haya kuhesabu mara mbili.

Tazama mfano huu wa hesabu ya chakula. Ni mfano tu.

Zilizopokelewa: shilingi 480,000
Mahindi: 300,000
Kuni: 60,000
Mpishi: 90,000

Jumla ya matumizi ni shilingi 450,000. Baki ni 30,000. Sasa uliza mambo mawili: risiti ziko wapi, na zile 30,000 ziko wapi. Uliza kwa heshima, katika mkutano, siyo kilabuni. Mwalimu Mkuu mwaminifu hufurahi akiulizwa, kwa sababu uvumi unamchosha kuliko maswali.

JANUARI 2028

Sasa tufike kwenye jambo linalotufanya tuandike somo hili mapema. Kwa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya lazima inakuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Darasa la saba linaondoka. Watoto waliokuwa darasa la 3 mwaka 2024 watamaliza msingi wakiwa darasa la 6, mwaka 2027. Waliokuwa darasa la 4 mwaka huohuo wa 2024 watamaliza darasa la 7, nao mwaka 2027. Makundi mawili yanamaliza pamoja. Januari 2028 yote mawili yanaingia kidato cha kwanza.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Shule iliyozoea kupokea watoto 120 wa kidato cha kwanza inaweza kugongewa hodi na 240. Serikali ilijenga madarasa 12,000 ya sekondari kwa mpango ulioanza Oktoba 2021, na ujenzi umeendelea baada ya hapo. Lakini madawati, vyoo, uji, na walimu wanaohitaji nyumba za kupanga kijijini, hayo yote yatakuja siku moja. Choo kimoja kinachotumiwa na wasichana 40 hakiwezi kutumiwa na 80. Wa kwanza kuacha shule kwa sababu ya choo watakuwa hao wasichana.

Mkutano wa wazazi wa kuzungumza haya usingoje Desemba 2027.

MANENO YA KUKUMBUKA

Waraka: barua ya serikali yenye maagizo.
Muhtasari: maandishi ya yaliyosemwa na kukubaliwa katika mkutano.
Mahudhurio: hesabu ya siku ambazo mwanafunzi alikuwapo shuleni.
Mapokezi: kazi ya kupokea na kuhakiki vitu vilivyoletwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni miezi gani watu wana chakula cha kutosha? Ni miezi gani hawana? Mkutano wa wazazi wa mwaka jana uliitwa mwezi gani?

2. Shule ina wanafunzi 300. Kila mmoja anatakiwa kuletewa debe moja na nusu la mahindi. Ni madebe mangapi kwa jumla? Kama gunia moja linajaa madebe 5, ni magunia mangapi? Je, shuleni kwenu kuna chumba kinachoweza kuyatunza?

3. Leteni madaftari ya watoto wenu kwenye kikundi. Tafuteni tarehe ya mwisho katika kila somo. Andikeni mlichokiona.

4. Hesabuni watoto wa darasa la 6 na la 7 watakaomaliza mwaka 2027 katika shule zote za msingi za kata yenu. Waulizeni Walimu Wakuu. Kisha hesabuni madawati yaliyopo kidato cha kwanza. Toeni. Tofauti mtakayoipata iandikeni kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi, mmpelekee Afisa Mtendaji wa Kata.

Jibu la swali la 2: madebe 450, magunia 90.